FFT ya ishara changamano kwenye STM32F407: kivuli upande wa masafa hasi hakiondoki

wimbi_tulivu

Habari zenu wakuu.

Naunda kionyeshi cha spektra (picha ya nguvu ya ishara kwa kila masafa, inayotolewa na hesabu iitwayo FFT) kwa kipokezi cha redio kinachotoa njia mbili, I na Q (ishara ileile mara mbili, zikipishana robo ya mzunguko; I ni sehemu halisi, Q ni sehemu dhahania), kila moja ikiwa imekaa juu ya volti 1.65. Chipu ni STM32F407 kwa 168 MHz, maktaba ya hesabu za ishara ni CMSIS-DSP.

ADC1 (kigeuzi cha volti kuwa namba) peke yake inasoma pini mbili kwa zamu: PA1 ambayo ni I, kisha PA2 ambayo ni Q. Saa ya ADC ni 21 MHz, muda wa kushika sampuli ni mizunguko 15. Taima TIM2 inaianzisha mara 48,000 kwa sekunde. DMA (sehemu ya chipu inayohamisha data bila kichakato) inazunguka kwenye bafa moja ya jozi 1024. Bafa ikijaa, interapti inapandisha bendera, kisha programu kuu inageuza namba kuwa float, inazipanga I, Q, I, Q na kuita `arm_cfft_f32` ya nukta 1024. Sijaweka dirisha lolote (jedwali la kufifisha kingo za fremu kabla ya FFT).

Jenereta inatoa toni iliyo 5 kHz juu ya osileta ya kipokezi. Ninachokiona ni hiki:

1. Kilele kikubwa mno katikati, kwenye sifuri, hata jenereta ikizimwa.
2. Toni inatokea +5 kHz inavyotakiwa, ila kuna kivuli chake −5 kHz, chini kwa 34 dB hivi. Nikipandisha toni hadi 20 kHz kivuli kinakua, tofauti inabaki 22 dB tu.
3. Kwa 6 kHz kilele ni chembamba kama sindano. Kwa 5 kHz kinatanuka chini pande zote, na kimo kinapungua zaidi ya desibeli moja na nusu, ilhali kwenye jenereta nimebadilisha masafa tu.
4. Mara mojamoja spektra nzima inaruka juu kwa fremu moja, kisha inatulia.

Je, niachane na FFT changamano nifanye FFT mbili halisi, moja ya I na moja ya Q? Na kuhamia q15 (namba za biti 16 zenye nukta isiyosogea, badala ya float) kutaokoa muda?

---

bini_sifuri

Mkuu, FFT yako haina kosa. Dalili ya pili ndiyo inayosema mengi, kwa hiyo naanza nayo.

Kivuli kinachokua kadiri masafa yanavyopanda ni alama ya kuchelewa kwa muda kati ya I na Q. ADC moja ikisoma pini mbili kwa zamu, Q inasomwa baada ya I. Kushika ni mizunguko 15, kubadilisha ni mizunguko 12, jumla 27. Gawanya kwa 21 MHz unapata mikrosekunde 1.286. Kwa toni ya 5 kHz muda huo ni digrii 2.3 za fezi, kwa 20 kHz ni digrii 9.3.

Sasa linganisha na kivuli. Makosa yakiwa madogo, uwiano wa nguvu ya toni kwa nguvu ya kivuli ni takriban 4/(g² + φ²), ambapo φ ni kosa la fezi kwa radiani na g ni tofauti ya ukuzaji kati ya njia mbili (asilimia 1 inaandikwa 0.01). Weka φ = 0.0404 unapata 33.9 dB. Weka φ = 0.1616 unapata 21.8 dB. Hizo ni namba zako zilezile, kwa hiyo usitafute mchawi mwingine.

Dawa ni kusoma I na Q kwa wakati mmoja. F407 ina ADC tatu, na mbili zinaweza kufungwa pamoja. Mpe ADC1 pini PA1 na ADC2 pini PA2, kila moja chaneli moja tu, muda wa kushika uleule. Hali ya pamoja ni `ADC_DUALMODE_REGSIMULT`, njia ya DMA ni `ADC_DMAACCESSMODE_2`, na `DMAContinuousRequests` iwe `ENABLE` la sivyo DMA itasimama baada ya mzunguko wa kwanza. Kichocheo cha TIM2 kinawekwa kwenye ADC1 pekee, ADC2 inaifuata. DMA iwe ya neno la biti 32 pande zote mbili. Kisha washa mtumwa (ADC2) kabla ya bwana (ADC1):

```
HAL_ADC_Start(&hadc2);
HAL_ADCEx_MultiModeStart_DMA(&hadc1, dma_bafa, 2048);
```

Neno moja la biti 32 sasa limebeba jozi nzima: nusu ya chini ni ADC1, nusu ya juu ni ADC2. Kwa taima, TIM2 inapata 84 MHz. 84,000,000 kwa 48,000 ni 1750 kamili, basi ARR, kikomo cha kuhesabu cha taima, ni 1749. Hakikisha saa inatoka kwenye kristali ya nje. Osileta ya ndani ya chipu ina uvumilivu wa asilimia 1, na kwa toni ya 5 kHz hiyo ni hezi 50, zaidi ya bini nzima (bini ni kisanduku kimoja cha masafa kwenye jibu la FFT).

Kabla hata ya kugusa ADC, pima FFT kwa namba za kutengeneza. Jaza bafa kwa cos(2π·128n/1024) kwenye sehemu halisi na sin ya pembe hiyohiyo kwenye sehemu dhahania. Bini 128 lazima itoe 1024, na nyingine zote ziwe karibu na sifuri. Geuza alama ya sin, kilele kihamie bini 896. Ukiona vilele viwili vinavyolingana, umekosea upangaji wa I, Q, I, Q. Ukiona kilele kimoja lakini upande usio sahihi, I na Q zimebadilishana nafasi, au moja imepinduliwa. Jaribio hili halichukui muda, nalo linakata nusu ya mashaka yote yatakayofuata.

Dalili ya tatu. Bini moja ni 48,000/1024 = 46.875 Hz. Toni ya 6 kHz inaangukia bini 128 barabara. Toni ya 5 kHz inaangukia 106.67, katikati ya bini mbili, na bila dirisha nguvu yake inavuja hadi mbali. Kupungua kwa kimo katika nafasi hiyo ni 1.65 dB, na katika hali mbaya kabisa, nusu ya bini, ni 3.92 dB. Dirisha la Hann linashusha hasara ya nusu bini hadi 1.42 dB na kukata uvujaji wa mbali, kwa gharama ya kilele kinachonenepa kidogo. Ukitaka kusoma kimo kwa usahihi zaidi ya hapo, tumia dirisha la kilele bapa: hasara yake ni sehemu ndogo sana ya desibeli, ila kilele kinakuwa kipana. Ukitafuta ishara dhaifu karibu na yenye nguvu, Blackman-Harris ya vipengele vinne ndiyo yako, mabega yake (vilima vya pembeni ya kilele) yako chini ya −90 dB.

Tengeneza jedwali la dirisha mara moja wakati wa kuwasha, na ugawanye kwa N (idadi ya nukta, hapa 1024), usigawanye kwa N−1:

```
dirisha[n] = 0.5f - 0.5f * cosf(2.0f * PI * n / 1024.0f);
```

Dalili ya kwanza ni rahisi kueleza. Volti 1.65 ni karibu 2048 kwenye ADC ya biti 12, na FFT inaiona kama ishara kubwa ya masafa sifuri. Ondoa wastani wa I na wastani wa Q, kila mmoja peke yake, na uondoe KABLA ya dirisha. Ukiondoa baada ya dirisha, kinachobaki si sifuri bali umbo la dirisha lenyewe kwenye bini −1, 0 na 1. Usitumie wastani wa fremu ileile peke yake: toni isiyomaliza mizunguko kamili ndani ya fremu ina wastani wake mdogo, nawe utakuwa unachimba shimo katikati linalocheza kila fremu. Tumia wastani wa polepole:

```
wastaniI += (wa_fremu_I - wastaniI) * (1.0f / 64.0f);
```

Anzisha `wastaniI` na `wastaniQ` kwa 2048, au kwa wastani wa fremu ya kwanza. Ukianza na sifuri, sekunde kadhaa za mwanzo zitakuwa na mlima katikati.

Hata hivyo eneo la sifuri halitakuwa safi kabisa. Kelele ya masafa ya chini ya op-ampu na ya kipokezi inajikusanya hapo. Watu wa redio huisogeza osileta kilohezi kadhaa pembeni ili ishara inayotafutwa isikae katikati.

Kuhusu FFT mbili halisi: usihangaike. FFT changamano moja tayari inabeba zote mbili ndani yake, na ndiyo pekee inayokupa tofauti ya +5 na −5 moja kwa moja. FFT halisi ya I peke yake haiwezi kutofautisha pande hizo.

Mwisho kimo. Kwa ishara halisi watu wamezoea kugawanya kwa N/2. Kwa ishara changamano toni yenye ukubwa A inatoa A·N kwenye bini yake, kwa hiyo gawanya kwa N, kisha kwa 0.5 ya Hann. Ukichanganya kanuni hizi mbili, kila kipimo kitakuwa na kosa la 6 dB. Kuonyesha kutoka hasi kwenda chanya, nafasi p kwenye skrini inachukua bini `p ^ 512`. Inatosha, huna haja ya kuhamisha data.

---

bafa_pacha

Naongezea dalili ya nne, maana hiyo haihusiani na hisabati.

DMA yako haisimami. Bafa ikijaa, inaanza upya kutoka mwanzo palepale, wakati programu kuu huenda bado inachora skrini. Ukichelewa kuchukua data, nusu ya kwanza ya bafa ni sampuli mpya na nusu ya pili ni za zamani. Pale zinapokutana pana mruko wa ghafla, na mruko una nguvu kwenye masafa yote, ndiyo maana spektra nzima inainuka kwa fremu moja. Inatokea mara mojamoja kwa sababu uchoraji wa skrini hauchukui muda uleule kila fremu.

Fanya bafa ya DMA iwe maneno 2048, yaani fremu mbili. `HAL_ADC_ConvHalfCpltCallback` inakuambia fremu ya kwanza iko tayari, `HAL_ADC_ConvCpltCallback` inakuambia ya pili. Una milisekunde 21.3 kuichukua kabla haijafutwa. Kwenye interapti weka kielekezi tu na bendera. FFT isifanyike humo. Kwenye programu kuu:

```
for (uint32_t n = 0; n < 1024; n++) {
    uint32_t w = fremu[n];
    float vi = (float)(w & 0xFFFF) - wastaniI;
    float vq = (float)(w >> 16)    - wastaniQ;
    bafa[2*n]     = vi * dirisha[n];
    bafa[2*n + 1] = vq * dirisha[n];
}
arm_cfft_f32(&arm_cfft_sR_f32_len1024, bafa, 0, 1);
```

FFT hii inaandika jibu juu ya data uliyoipa, kwa hiyo `bafa` iwe tofauti na bafa ya DMA. Weka pia kihesabu cha fremu zilizopotea: bendera ikikutwa bado imepanda wakati interapti mpya inaingia, ongeza moja. Namba hiyo ikibaki sifuri, spektra ikiruka utajua kwamba kisa ni ishara yenyewe.

Kumbukumbu: DMA baiti 8192, FFT baiti 8192, dirisha 4096, wastani wa nguvu 4096. Jumla 24,576, F407 inabeba bila shida. Ila kuna mtego hapa. F407 ina KB 64 za CCM (kumbukumbu ya kichakato peke yake) zinazoanzia anwani 0x10000000, na DMA haiwezi kuzifikia. Bafa ya FFT na dirisha ziweke huko kwa raha. Bafa ya DMA ikiangukia huko hutapata data yoyote, na hakuna onyo lolote wakati wa kukompaili.

Kwa wanaotumia F7 au H7: hizo zina kache ya data. Kichakato kinaweza kusoma nakala ya zamani wakati DMA imeshaandika mpya kwenye kumbukumbu. Pangilia bafa kwenye baiti 32 na uite `SCB_InvalidateDCache_by_Addr` kabla ya kusoma kila nusu. Dalili zake zinafanana sana na hii yako ya nne.

---

desimali_ndogo

Suala la q15. Kwa F407 jibu langu ni hapana.

Una mizunguko 3500 ya saa kwa kila sampuli, karibu milioni 3.6 kwa fremu. FFT ya nukta 1024 ni vipepeo 5120 (hatua ndogo za hesabu) vya msingi wa 2, kila kimoja hesabu 10 hivi, na maktaba hutumia misingi mikubwa zaidi ambayo inapunguza kazi. Kwa FPU (sehemu ya chipu ya hesabu za float) haifiki milisekunde 2 kati ya 21 ulizonazo. Usiniamini mimi, pima: washa kihesabu cha mizunguko `DWT->CYCCNT`, soma kabla na baada.

Muda ukizidi sana, chunguza kwanza kama kuna hesabu za double zimejipenyeza. FPU ya Cortex-M4 inajua float tu. Double inafanywa kwa programu, polepole. `sqrt` badala ya `sqrtf`, au `0.5` bila herufi f, vinatosha kuiburuta hesabu nzima kwenda double. Kompaili kwa `-mfpu=fpv4-sp-d16 -mfloat-abi=hard` na uweke `-Wdouble-promotion`, kompaila itakuonyesha kila mahali. Kipeuo cha pili chenyewe hukihitaji: chukua re² + im² kisha `10.0f * log10f(...)`. Jibu ni lilelile la 20·log ya ukubwa.

Tatizo la q15 ni upana wa ngazi. Ili isifurike, `arm_cfft_q15` inagawanya kwa 2 kila hatua, na kwa nukta 1024 jibu linakuja limegawanywa kwa 1024. Ishara iliyo 80 dB chini ya kiwango cha juu ina ukubwa wa 0.0001, na kwenye namba ya biti 16 hiyo ni hatua 3.3. Toa nusu ya Hann, unabaki na hatua 1.6, nayo iko ndani ya makosa ya kukadiria yanayojilimbikiza hatua kwa hatua. Kivuli cha −50 dB utakiona, kitu cha −80 dB utakuwa unabahatisha.

Kwa chipu isiyo na FPU, kama RP2040 au Cortex-M0+ nyingine, q15 ni chaguo halali. Hapo ondoa wastani kwanza, kisha sukuma sampuli za biti 12 kushoto kwa biti 3. Biti 4 zingejaza kabisa, lakini I na Q zikiwa zote karibu na kilele, urefu wa vekta unafika mara 1.41 na unaweza kugonga dari ndani ya FFT. Usisukume kabla ya kuondoa wastani, 2048 itakula nafasi yote.

---

pini_moja

Kwa watakaosoma uzi huu wakiwa na chipu yenye ADC moja tu: kivuli cha kuchelewa kinaweza kupunguzwa bila kubadilisha chipu.

Njia nyepesi ni kusoma mara tatu kwa kila kichocheo: I, Q, I. Wastani wa I mbili unakaa kwenye wakati uleule wa Q, kwa hiyo kosa la fezi linaondoka. Kinachobaki ni upungufu mdogo wa ukubwa wa I, cos(2πf·Δt). Kwa Δt ya mikrosekunde 1.286 na toni ya 20 kHz ni asilimia 1.3, na kivuli kinashuka kutoka −22 hadi karibu −44 dB. Kwa 5 kHz kinakuwa chini ya −65 dB.

Njia kamili zaidi inafanyika baada ya FFT. Tenganisha spektra mbili:

I[k] = (Z[k] + Z*[N−k]) / 2
Q[k] = (Z[k] − Z*[N−k]) / (2j)

Nyota ni kugeuza alama ya sehemu dhahania. Q iliyosomwa kwa kuchelewa Δt inarekebishwa kwa kuzidisha Q[k] na e^(−j2πf·Δt), kisha unaunganisha upya I[k] + jQ[k]. Uangalifu uko kwenye f: kwa k iliyozidi 512, f ni (k − 1024)·46.875, yaani hasi. Ukisahau hilo, upande mmoja utapona na mwingine utaharibika maradufu. Jedwali la cos na sin litengeneze mara moja. Hiyo ni hesabu ya mizidisho 1024 changamano kwa fremu, si mzigo.

Wanaotumia kodeki ya sauti kupitia I2S (njia ya data ya sauti ya kidijitali) wana bahati, chaneli mbili husomwa pamoja. Ila angalieni DMA isianze katikati ya jozi. Chaneli moja ikisogea sampuli nzima, kuchelewa ni mikrosekunde 20.8, kwa 5 kHz ni digrii 37.5, na kivuli kinasimama −9.4 dB tu.

---

wimbi_tulivu

Asanteni sana wakuu. ADC mbili kwa pamoja, fremu mbili kwenye DMA, Hann, wastani wa polepole. Katikati pametulia, fremu za kuruka zimeisha, kihesabu cha zilizopotea ni sifuri.

Kivuli sasa kiko −41 dB na hakibadiliki, toni iwe 2 kHz au 20 kHz. Kinaweza kushushwa zaidi? Na jambo la pili: nikiipeleka jenereta mbali, +43 kHz, kinatokea kilele −5 kHz. Hicho nacho ni kivuli?

---

bini_sifuri

Kuhusu kilele cha 43 kHz: hicho si kivuli, ni mkunjo wa sampuli. Kwa ishara changamano una upana wa 48 kHz, kutoka −24 hadi +24. Chochote nje ya hapo kinazungushwa: 43 − 48 = −5. Namna ya kuvitofautisha ni kusogeza jenereta juu kwa 100 Hz. Kivuli kinakwenda kinyume na toni, kinashuka kuelekea −24. Kilichokunjwa kinakwenda upande uleule wa toni, kutoka −5 hadi −4.9 kHz. Baada ya kukunjwa hakuna hesabu itakayokitoa, lazima kizuiwe kabla.

Kuzuia kwa kichujio cha analogi peke yake kati ya 18 na 30 kHz ni kazi ngumu. Rahisi ni kuharakisha ADC. Weka 240 kHz (84 MHz kwa 350, ARR ni 349), kisha chuja na upunguze kwa 5 kwa `arm_fir_decimate_f32`. Usichague 192 kHz, haigawanyiki: inatoka 437.5. Kichujio cha kidijitali cha FIR kinachopitisha hadi 18 kHz na kuzuia kuanzia 30 kHz kwa 70 dB kinahitaji koefisienti 87 hivi kwa dirisha la Kaiser, jumla mizidisho milioni 8.4 kwa sekunde kwa njia zote mbili. F407 inaimudu. Fanksheni hiyo haijui mpangilio wa I, Q, I, Q. Mpe I na Q kama safu mbili zenye hali zake mbili, na urefu wa bloku ugawanyike kwa 5. Kati ya 18 na 24 kHz kila upande usipaamini, pale mkunjo bado upo.

Kichujio cha analogi sasa kinahitaji kuzuia kuanzia 222 kHz tu. Daraja la pili lenye kikomo cha 40 kHz linatoa karibu 30 dB hapo. Tumia rezista za asilimia 1 na kapasita za C0G (aina isiyobadilika sana na joto), kwa sababu kapasita za I na Q zikitofautiana, kosa la fezi linalopanda na masafa linarudi tena kupitia mlango huu.

Sasa kivuli cha −41 dB kisichobadilika. Kutobadilika kwake kunaonyesha kwamba kuchelewa kumekwisha na kilichobaki ni kosa la kudumu: digrii 1 ya fezi kwenye osileta ya kipokezi, au asilimia 1.8 ya tofauti ya ukuzaji, au vyote kwa sehemu. Hiki kinasahihishwa kwa hesabu. Toa toni moja yenye nguvu, ondoa wastani, kusanya sampuli kwa fremu kadhaa kabla ya dirisha, kisha:

g = √(wastani wa Q² / wastani wa I²)
sin φ = wastani wa I·Q / √(wastani wa I² · wastani wa Q²)

Halafu kwa kila sampuli, I ibaki ilivyo, na Q mpya ni (Q/g − I·sin φ) / cos φ. Hapa g ni uwiano wenyewe, karibu na 1, si tofauti kama kwenye kanuni ya juu.

Kanuni hii inadhani kuwa ishara ya kupimia iko upande mmoja tu wa sifuri. Ukipima ukiwa na ishara ya AM iliyokaa katikati kabisa, pande zake mbili zinafanana na kivuli, nayo hesabu itajaribu kuifuta ishara halali. Pima kwa jenereta, hifadhi g na sin φ kwenye flashi, na upime tena ukibadilisha bendi, kwa kuwa fezi ya osileta hubadilika na masafa yake.

---

desimali_ndogo

Kwa kuwa sasa spektra ni safi, mambo mawili ya kusoma namba zake.

Wastani wa fremu uchukuliwe kwenye nguvu, re² + im², halafu log mwishoni. Ukifanya wastani wa desibeli, kelele itasomeka chini kwa 2.5 dB kuliko ilivyo, wakati toni haibadiliki, na uwiano wako utaonekana mzuri kuliko ukweli. Fremu 16 zisizoingiliana zinapunguza mtikisiko wa kelele mara 4. Kwa Hann unaweza pia kuingiliana nusu kwa nusu, muda unao.

Masafa ya toni unaweza kuyasoma ndani ya bini. Kwa Hann, chukua bini ya kilele na jirani yake mkubwa zaidi, α ni ukubwa wa jirani kwa ukubwa wa kilele (hapa kipeuo cha pili kinahitajika, kwa bini mbili tu), na umbali kuelekea kwa jirani ni (2α − 1)/(α + 1). Toni yako ya 5 kHz: kilele ni bini 107, jirani ni 106, α inatoka 0.8, umbali 0.333. Hivyo 106.667 mara 46.875 ni 5000 Hz. Kwa bini za upande hasi toa 1024 kwanza. Na toni ikiwa ndani ya bini mbili au tatu kutoka sifuri au kutoka toni nyingine, usiitumie kanuni hii, majirani hao wanachafua α.